Mwenzangu wa Njiani Ni Nani?



Kila mtu aliyekwenda safari ndefu kwa miguu anajua ya kuwa njia ni mwalimu. Watu wawili wakikaa barazani mchana kutwa wakizungumza, kila mmoja aweza kuuficha moyo wake. Lakini wakitembea pamoja siku tatu, wakagawana maji ya kibuyu kimoja, wakanyeshewa na mvua moja, ndipo wajuanapo. Hapo hujulikana mwenye choyo na mwenye saburi. Hujulikana yeye anayeficha kipande chake cha muhogo, na yeye anayeutwaa mzigo wa mwenzake bila kuombwa.

Kwa hiyo mwezi huu nataka tufikiri pamoja habari za vijana wa skuli wanaofanya vyama vya kutembea milimani na misituni kwa furaha yao. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya mchezo, yana nini na Kanisa?" Lakini ndani ya mchezo huo limo swali zito, nalo ndilo hili: Watu wakiisha kuwa wenzi wa njia moja, je, wanayo ruhusa kumfungia mlango mtu mwingine atakaye kwenda pamoja nao? Swali hili si la kubuni. Liliulizwa kweli katika nchi ya Ujerumani, ambako walitoka wengi wa wamisionari waliotuletea Injili sisi Walutheri. Basi niwasimulie kwanza mambo yalivyokuwa, kisha tuyapime.

Karibu na Berlin palikuwa na mji mdogo uitwao Steglitz. Mnamo mwaka 1896 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu, Hermann Hoffmann, alikuwa akiwafundisha vijana wa skuli ya juu ya mji huo hati ya mkato. Aliwaona wamechoka kwa kukaa juu ya mabenchi na kukariri Kilatini na Kiyunani, akaanza kuwachukua kutembea mashambani. Kwanza walikwenda karibu, kisha mbali. Na mwaka 1899 kundi lao lilitembea katika Msitu wa Bohemia muda wa majuma manne hivi. Hoffmann alipoitwa kazini Uturuki, kijana Karl Fischer akashika uongozi, na tarehe 4 Novemba 1901 chama kikaundwa rasmi. Wakakiita Wandervogel, maana yake Ndege Msafiri.

Maisha yao njiani yalikuwa rahisi. Walibeba shanta mgongoni na sufuria nyeusi kwa masizi. Hawakulala katika nyumba za wageni zenye vitanda vizuri, bali katika ghala za wakulima, juu ya majani makavu. Walipika wenyewe kando ya kijito, na jioni waliuzunguka moto, mmoja akipiga gitaa, wengine wakiimba nyimbo za zamani za watu wa mashambani. Nyimbo hizo Hans Breuer, aliyekuwa mmoja wao, alizikusanya katika kitabu kilichotolewa mwaka 1909, nacho kikaenea nchi nzima.

Je, jambo hili lilikuwa jema? Mimi nasema lilikuwa jema. Kijana aliyezoea kutumikiwa nyumbani alijifunza kuteka maji na kuosha sufuria. Kijana aliyefikiri ya kuwa hekima yote imo vitabuni alimsikiliza mkulima mzee akieleza habari za mawingu na udongo. Tena walizijua kazi za Mungu kwa macho na kwa nyayo zao. Mtu aliyelitazama jua likichomoza juu ya mlima, naye amepanda mlima huo kwa jasho, huisoma Zaburi kwa namna nyingine.

Walakini vilikuwapo na vivuli. Walishindana juu ya uongozi, juu ya pombe, na juu ya wasichana, kama waruhusiwe kuingia au sivyo. Mwaka 1904 chama kikagawanyika, na mwaka 1907 chama kingine kikazaliwa. Neno hili halitamshangaza mzee wa kanisa aliyepata kuona kwaya ikigawanyika. Lakini magomvi hayo si kitu mbele ya jambo lililotukia baadaye.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1913 maelfu ya vijana wa vyama mbalimbali walikusanyika juu ya mlima Hoher Meissner, karibu na mji wa Kassel. Huko waliazimu kuyaongoza maisha yao kwa dhamiri zao wenyewe, na kuwa wa kweli ndani ya mioyo yao. Ni azimio zuri. Lakini mwaka huo huo, katika mji wa Zittau, msichana mmoja aliomba kuingia katika Wandervogel ya mji wake, akakataliwa. Hakukataliwa kwa kuwa mvivu, wala kwa mwenendo mbaya, wala kwa kushindwa kutembea. Alikataliwa kwa sababu alikuwa Myahudi. Habari zake zikaenea magazetini, watu wakabishana sana. Viongozi wa chama walipokutana mwaka 1914 hawakuweka sheria ya kuwakataa Wayahudi, wala hawakuweka sheria ya kuwapokea. Waliacha kila kikundi kiamue chenyewe.

Basi, ndugu msomaji, usiwacheke upesi. Wengi wa vijana wale walitoka katika nyumba za Kiprotestanti. Walikuwa wamebatizwa, wakafundishwa Amri Kumi kama sisi. Hawakujiona kuwa watu wabaya. Kama tungaliwauliza, wangalitujibu kwa maneno ambayo hata sisi huyatumia. Na tuyatazame maneno hayo, moja moja.

Neno la kwanza ni hili: "Chama si Kanisa. Kila mtu ana haki ya kujichagulia rafiki." Neno hili lina kweli ndani yake, wala nisiifiche. Urafiki haulazimishwi. Bwana wetu mwenyewe alikuwa na wanafunzi kumi na wawili, lakini alipopanda mlima mrefu aliwachukua watatu tu, Petro na Yakobo na Yohana (Marko 9). Hata hivyo someni habari ile mpaka mwisho. Petro alipoona utukufu alitaka kujenga vibanda vitatu wakae huko huko juu. Naye hakujibiwa. Waliteremka, na chini ya mlima walimkuta baba mmoja mwenye kijana mgonjwa, na watu wakibishana. Wale watatu hawakupandishwa mlimani ili wawe mbali na wengine, bali ili wakirudi wawe na kitu cha kuwapa. Basi hii ndiyo tofauti ya urafiki mwema na urafiki ulioharibika: urafiki mwema hupanda pamoja, ukashuka kwa ajili ya watu, urafiki ulioharibika hutaka kujenga kibanda na kutia komeo.

Tena iko mipaka ya namna mbili. Chama cha kutembea kikisema, "Anayekuja na aje na blanketi lake, atii kiongozi, asilewe," huo ni mpaka wa kazi. Kila mtu aweza kuuvuka kama akitaka. Lakini kikisema, "Asije mtu wa ukoo fulani," huo ni mpaka wa kuzaliwa. Hakuna awezaye kuuvuka, hata akitembea mpaka mwisho wa dunia. Anayeweka mpaka wa namna hiyo hamhukumu mtu kwa matendo yake, bali humlaumu Mungu aliyemwumba.

Neno la pili ni hili: "Akiingia yeye, umoja wetu utaharibika." Hili ni gumu zaidi, maana linatoka katika furaha yenyewe. Kumbukeni watu wanaoota moto usiku. Nyuso zao zimeng'aa, kila mmoja anamwona mwenzake, na mioyo yao imepata joto. Lakini ni lazima kila mmoja awe ameligeuzia giza mgongo wake. Kadiri mzunguko unavyobanana, ndivyo migongo inavyokuwa ukuta, na mtu aliye nje hauoni moto kamwe. Hao waliokaa hawakukusudia kumnyima. Walikuwa wakijifurahisha tu. Hivyo ndivyo dhambi hii ilivyo: haianzi kwa chuki, yaanza kwa utamu wa kuwa pamoja. Umoja unaolindwa kwa kumtoa mtu si umoja, ni kufanana tu; na kufanana hakuna sifa, hata mawe ya mtoni hufanana. Wahenga wetu walisema neno bora: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neno la tatu ni lile la viongozi: "Sisi hatukumkataa mtu, kila kikundi na kiamue." Hili lafanana na amani, lakini tulikwisha kulisikia zamani. Pilato naye hakutaka kuamua. Aliagiza maji, akanawa mikono mbele ya watu. Ni kweli ya kuwa mambo mengi yafaa kuamuliwa na watu wa mahali: siku ya safari, njia ya kupita, chakula cha kuchukua. Lakini kumwamulia mtu kama ni mtu si jambo la kupigia kura. Mzee akilinyamazia neno kama hilo kwa ajili ya kuepuka ugomvi, amekwisha kuamua, naye ameamua vibaya.

Sasa niwape habari ya mtu mwingine wa nchi ile ile na wakati ule ule. Richard Schirrmann alikuwa mwalimu wa skuli ya watu wote katika mji wa viwanda uitwao Altena. Watoto wake hawakuwa wa skuli za juu. Tarehe 26 Agosti 1909 alikuwa safarini nao kwa miguu, mvua ya radi ikawapata katika bonde la Bröl. Wakapewa hifadhi katika chumba cha skuli ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Watoto wakasinzia, lakini mwalimu akakesha kwa ngurumo. Na katika kukesha kwake akawaza: Kila kijiji kina skuli, na wakati wa likizo skuli hizo ni tupu. Mbona milango isifunguliwe, vijana wanaotembea wapate pa kulala? Aliporudi alianza na skuli yake mwenyewe. Mwaka 1912 ikawako nyumba ya kudumu ya vijana wasafiri ndani ya ngome ya kale ya Altena, na mwaka 1932 nchi kadha wa kadha zikaungana kwa kazi hiyo. Nyumba za namna hii zingaliko hata leo katika nchi nyingi.

Angalieni tofauti. Kule Zittau vijana walikuwa na furaha ya safari, wakauliza, "Nani asiingie?" Huku Altena mwalimu alikuwa na watoto wenye nguo zilizolowa, akauliza, "Nani bado yuko nje mvuani?" Yeye aliyenyeshewa alijua mlango ni kitu gani.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Vita vilipoanza mwaka 1914 vijana wengi wa Wandervogel walikwenda, na wengi hawakurudi. Hans Breuer mwenye kitabu cha nyimbo, aliyekuwa amekuwa daktari, aliuawa vitani mwaka 1918 karibu na Verdun. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na vyama huru vya vijana vikapigwa marufuku, vijana wakatiwa katika chama kimoja cha serikali. Moto wa jioni ulikuwapo bado, na hema, na shanta, na nyimbo. Lakini mlango aliofungiwa msichana mmoja wa Zittau sasa walifungiwa Wayahudi wote, tena kwa sheria. Mwaka 1938 watoto wao walikatazwa skuli za Wajerumani. Na kabla ya vita kwisha mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni 6 wa nchi za Ulaya walikuwa wameuawa. Sisemi ya kuwa vijana wa Zittau ndio waliofanya maovu hayo. Hilo lingekuwa kusingizia. Nasema ya kuwa taifa huzoea polepole. Waliojizoeza kumwona mtu mmoja akisimama nje bila kushtuka, hawakushtuka upesi walipowaona wengi.

Lakini si wote waliozoea. Katika mji wa Ulm alikulia kijana Hans Scholl, ambaye mama yake kabla ya kuolewa alikuwa amewahudumia wagonjwa katika udada wa Kilutheri. Mwanzoni Hans alikuwa kiongozi katika chama cha vijana wa Hitler. Kisha akavutwa na kundi dogo lisiloruhusiwa, lililopenda safari na hema na kuimba nyimbo za mataifa mengine. Na kundi hilo lilikuwa sababu mojawapo ya kufungwa kwake mwaka 1937. Kijana mwingine, Willi Graf, Mkatoliki, naye alifungwa mwaka 1938 kwa ajili ya kundi la safari la namna hiyo. Hao wawili walikutana Munich wakisoma udaktari. Mwaka 1942 wao na rafiki zao walitoa kwa siri karatasi za Waridi Jeupe, wakaeneza neno la kuipinga serikali. Na katika karatasi ya pili walitangaza ya kuwa Wayahudi wanauawa Poland, na ya kuwa huo ni uovu mkuu mbele ya wanadamu wote. Tarehe 22 Februari 1943 Hans aliuawa pamoja na Sophie dada yake, mwenye umri wa miaka 21, na Christoph Probst. Graf aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Basi njia ni ile ile, na moto ni ule ule. Kwa wengine urafiki wa njiani ulikuwa ukuta. Kwa hawa ulikuwa shule ya ujasiri. Walipokuwa wachache walijifunza kuaminiana, na imani hiyo wakaitumia kwa ajili ya watu wasiokuwa katika mzunguko wao. Walishuka mlimani.

Ndugu zangu waalimu, sasa neno hili latujia sisi. Katika sharika zetu vijana huondoka siku ya sikukuu kwenda kupanda kilima, au kwaya hutembelea usharika mwingine. Ni vema, msiwazuie. Ila mwendapo pamoja nao, angalieni mambo mawili.

Kwanza, mwangalieni anayebaki nyuma. Wenye nguvu hutangulia wakiimba, hufika kwenye kivuli, hukaa wakamngojea mwenzao. Naye akifika akihema, mara husimama waende. Hivyo wenye nguvu wamepumzika, na aliyechoka hakupumzika hata kidogo. Wanasema, "Tulimngojea," nao hawakumngojea. Kumbukeni Yakobo alipokutana na Esau ndugu yake (Mwanzo 33). Esau alikuwa na watu 400, akataka wafuatane. Lakini Yakobo alikataa, akasema ya kwamba atakwenda polepole, kwa kadiri ya miguu ya watoto na wanyama wanaonyonyesha. Yeye ndiye kiongozi: mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mdogo. Kumbukeni tena Yohana Marko, aliyerudi nyuma katika safari ya kwanza. Paulo hakutaka kumchukua tena, na Barnaba akamchukua (Matendo 15). Baadaye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa kwa huduma (2 Timotheo 4). Kama Barnaba asingalikuwako, Paulo angalimwita nani?

Pili, mwangalieni asiyeitwa. Yuko kijana ambaye hana nauli wala viatu, naye husema, "Sitaki kwenda," kwa sababu aona haya kusema, "Sina." Yuko mgeni wa kabila lingine aliyehamia juzi. Yuko binti ambaye watu husema vibaya juu ya mama yake. Yuko kilema, na wote wamekwisha kukata shauri kwa niaba yake ya kuwa kilima ni kirefu mno. Kabla ya kuondoka, mwalimu na ajiulize: Ni nani hayumo katika hesabu, na ni nani aliyemwondoa? Mara nyingi ataona ya kuwa hapana aliyemwondoa. Migongo tu ilikuwa imegeuzwa.

Mtu ataniambia, "Tukimchukua kila mtu, hatutafika kileleni." Kweli, pengine hamtafika. Lakini kilele kitakuwapo kesho na kesho kutwa. Kijana aliyeachwa nyumbani leo, moyo wake hautakuwa pale pale kesho.

Nakumbusha neno moja, kisha nimalize. Jioni ya siku ile Bwana alipofufuka, wanafunzi wawili walikuwa wakitembea kwenda Emau (Luka 24). Mtu asiyejulikana akafuatana nao. Walikuwa na huzuni, walikuwa na siri za kundi lao, nao walikuwa na sababu ya kuogopa watu wageni. Wangaliweza kunyamaza mpaka apite. Hawakunyamaza, walimwacha aingie katika maneno yao, na jua lilipokuchwa wakamshurutisha akae nao. Ndipo mezani, alipoumega mkate, wakamtambua.

Fikirini, ndugu, kama wanafunzi wale wawili wangalikuwa na sheria ya kutowapokea wasiowajua. Wangalifika Emau salama, wakafunga mlango, wakala chakula chao wenyewe, na Yesu angalikuwa amepita njiani katika giza.

Bwana atujalie macho ya kumtambua mwenzetu wa njiani, na mioyo isiyoharakisha kufunga mlango. Amina.